Jina la Kumi na Nne

"Mwalimu, ile siku ya mtu wa chuo kikuu, ni nani aliyeitika?"

Nilimwuliza swali hilo nikiwa na miaka kumi na miwili, nimesimama mlangoni mwa darasa letu la saba na kifutio mkononi, yeye akipanga vitabu vyake kwenye mkoba kwa mara ya mwisho. Mwalimu Khavere alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia mahali ambapo yeye pia ni mgeni. Akafunga mkoba. Akasema, "Wendy, nenda nyumbani, mvua inakuja."

Hakukuwa na mvua. Ulikuwa mwanzo wa Agosti, na wakati huo kwetu Tetu mvua hainyeshi. Ukungu hushuka tu kutoka msituni, ukakaa juu ya majani chai mpaka saa sita mchana, na ukikumbuka kuondoka unaondoka.

Habari yenyewe nilikuja kuisikia baadaye, karibu yote kutoka kwake mwenyewe. Ni habari yake, si yangu, kwa hiyo nitaisimulia kama yake.

Dishon Khavere alizaliwa Vihiga, mtoto wa mwalimu wa chekechea. Alikuwa mrefu na mwembamba, na kila akiingia mlangoni aliinama, hata kama mlango umemzidi. Alikuja huku mlimani kusomea ualimu katika chuo kikuu, Kiswahili na Dini, akapanga chumba Karatina nyuma ya soko, mahali ambapo hakuna haja ya saa ya kukuamsha kwa sababu watu wa kabichi huanza kuzozana na wa mikokoteni kabla majogoo hawajawika.

Miaka miwili alisoma namna ya kufundisha bila kuona mtoto hata mmoja. Walifundishana wao kwa wao. Jamaa wenye ndevu walijibana kwenye madawati, wakajifanya watoto wa darasa la saba, wakainua mikono, "Mwalimu! Mwalimu! Mimi!" na mwenzao aliyesimama mbele akajifanya hawajui, wakati jana usiku walikula naye sufuria moja. Mhadhiri aliketi nyuma na karatasi ya alama. Khavere alikuwa hodari mno kwenye mchezo huo. Ndiyo maana alipoanguka, alianguka kwa kishindo.

Alianguka katika mazoezi yake ya kwanza ya kufundisha, katika shule moja upande wa Kutus. Mwalimu mwanafunzi hutembea na faili. Ndani ya faili kuna azimio la kazi la muhula mzima, kuna andalio la kila somo, na kuna rekodi ya kazi, ambayo unaijaza jioni baada ya kufundisha. Baada, si kabla. Khavere alichoka kujaza kila jioni. Jumapili moja aliketi kitandani akajaza wiki mbili za mbele: nimefundisha hiki, wanafunzi wameelewa; nimefundisha kile, wanafunzi wameelewa. Jumanne mtathmini kutoka chuoni akatokea bila taarifa, maana hivyo ndivyo wanavyokuja, akafungua faili, akasoma kwamba Ijumaa ijayo wanafunzi walielewa.

"Khavere," akamwambia, "wewe ni mwalimu ama ni nabii?"

Chuo kilimpa nafasi ya pili, pamoja na barua fupi iliyosema kwamba ya tatu hakuna. Akipatikana tena ameandika jambo ambalo halikutokea, ataondolewa kwenye ualimu, na miaka yake yote itabaki kuwa hadithi ya kusimulia watu kilabuni. Hakumwambia mama yake. Barua aliibandika kwenye jalada la ndani la faili, mahali ambapo angeiona kila akifungua.

Ndivyo alivyofika shuleni kwetu Kiamuruga mwezi wa Mei, ameapa moyoni kwamba hataandika neno hata moja ambalo hakuliona kwa macho yake au hakulisikia kwa masikio yake.

Sisi ndio tulikuwa darasa la saba la kwanza kabisa katika ile sekondari ya chini ya mtaala mpya. Watu walidhani tutapelekwa mahali pazuri. Tulibaki pale pale kwenye shule ya msingi, tukapewa chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, ukuta wake wa nyuma ukipakana na shamba la chai. Hakukuwa na taa. Dirisha moja halikuwa na kioo. Asubuhi za baridi ukungu uliingia nao ukaketi na sisi, na mwanafunzi wa dawati la nyuma akawa kivuli tu kilichovaa sweta.

Siku ya kwanza tulimpokea kama tunavyopokea wageni, kwa utani; watu wa Vihiga husemwa kwamba hawabakizi kuku.

"Mwarimu, ni kweri kwenu kuku hamuachi hata mguu?" Huyo alikuwa Muchiri, ambaye hakuwahi kuogopa kitu.

"Kwetu," Khavere akajibu bila kucheka, "kuku tunawaachia wageni. Sisi tunakula wanafunzi wanaosema mwarimu."

Darasa likapasuka. Kuanzia hapo tukawa wake.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Madam Waithira. Mwanamke mpole, wa kitambaa cheusi kichwani kila siku, sauti yake ya chini mpaka ulilazimika kunyamaza ili uisikie. Ndiye aliyemkabidhi rejista.

"Kijana wangu, hii sasa ni yako mpaka tufunge. Kila asubuhi unaita majina. Yote thelathini na nane. Usiruke."

"Sawa, Madam."

"Nimesema usiruke."

"Nimesikia, Madam."

Kesho yake asubuhi akaita. Majina yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, na kila aliyeitwa alisema "Niko," naye akapiga mkwaju mdogo wa kalamu ya buluu. Alipofika la kumi na nne akasoma, "Kihara Nderitu."

Kukawa kimya. Kifupi tu, kama cha mtu anayemeza mate. Halafu kutoka nyuma, kwenye ukungu, "Niko."

Akapiga mkwaju, akaendelea mpaka la mwisho. Kisha akahesabu vichwa, kwa sababu kwenye andalio la somo kuna nafasi ya kuandika idadi ya wanafunzi. Thelathini na saba. Akahesabu tena, safari hii akianzia dirishani. Thelathini na saba.

Labda mmoja ametoka haja, akawaza.

Siku ya pili, jina la kumi na nne likaitikwa kutoka upande wa dirisha, kwa sauti ya msichana. Khavere akainua macho. "Kihara ni msichana?"

Darasa lililokuwa likicheka hata nzi akitua ubaoni halikucheka. Siku ya tatu sauti ilitoka dawati la mbele kabisa, hatua mbili kutoka alipokuwa, na alipotazama alikuta midomo yote imefungwa na macho yote yako chini. Vichwa vilikuwa thelathini na saba.

Alianza kuliogopa jina lile. Akifika la kumi na tatu, anasoma polepole. Angeweza kutuuliza, lakini alikuwa mgeni, na mtu ambaye kazi yake nzima inategemea kuonekana analimudu darasa hapendi kuuliza darasa lenyewe lina watu wangapi. Akatafuta njia yake. Kwenye rejista aliandika thelathini na nane, kwa sababu thelathini na nane wameitika. Kwenye andalio la somo aliandika thelathini na saba, kwa sababu thelathini na saba wameketi. Vyote viwili aliviona kuwa kweli, na akalala.

Kulikuwa na siku mbili za ukungu mzito ambapo alihesabu vichwa akapata thelathini na nane. Hilo aliniambia akiangalia pembeni.

Mtathmini, yule yule wa Kutus, alikuja mara ya kwanza katikati ya Juni. Daktari Gatimu, mtu wa upande wa Othaya, mfupi, koti la mvua jekundu lililomfika magotini. Alipita katikati ya madawati bila kusalimia, akaketi nyuma kwenye benchi, akaandika saa nzima. Somo lilikwenda vizuri. Hata Muchiri aliinua mkono kabla ya kusema. Kengele ilipolia Daktari akaja mbele, akaweka rejista na faili kandokando, kidole kimoja hapa, kingine pale.

"Rejista, thelathini na nane. Andalio, thelathini na saba. Mimi nimehesabu thelathini na saba. Huyu mmoja ni nani? Ama umeanza tena unabii?"

"Aliitika, Daktari."

"Nani aliitika?"

"Kihara Nderitu."

Daktari Gatimu akatugeukia. "Kihara, hebu simama nikuone."

Hakuna aliyesimama. Tulitazama madawati yetu kana kwamba yameandikwa jibu. Mahali fulani nyuma kiti kilitoa mlio, na Khavere alisema aligeuka haraka mpaka shingo ikauma, lakini hakuona mtu aliyesogea.

"Nitarudi Julai, mara ya mwisho," Daktari akasema huku akifunga koti lake. "Rejista utaiita mbele yangu, jina kwa jina. Nikikuta idadi mbili tena, faili hii inaenda ofisini jinsi ilivyo, na barua yake ndani. Mwalimu anayeandika mtoto ambaye hayuko, siku moja mtoto atapotea kweli na yeye ataandika yuko. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari."

Khavere alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Bwana Mathenge, aliyekuwa ofisini na kikombe chake cha chai, mikono yote miwili ikikikumbatia kwa ajili ya joto.

"Mwalimu mkuu, samahani. Kihara Nderitu wa darasa la saba ni nani?"

Bwana Mathenge akaweka kikombe chini. "Kihara yupi? Wa Waithira?"

"Sijui, bwana. Yule wa kwenye rejista."

"Kijana wangu, huyo tulimzika Desemba."

Alimweleza taratibu. Kihara alikuwa mtoto wa Madam Waithira. Homa ya mapafu ilimshika likizo ile ya Krismasi, siku nne, akaenda. Orodha ya darasa la saba ilikuwa imeandikwa tangu Novemba, na jina lake limo.

"Na Madam hajalifuta?"

"Wewe ungelifuta?" Bwana Mathenge akauliza. "Ngoja nikwambie kitu, kwa sababu wewe si wa huku. Kwetu kijana wa pili anapewa jina la baba ya mama yake. Kihara ni jina la baba yake Waithira. Na akishapewa, si jina tu, ni yeye. Huyo mtoto mama yake alikuwa anamwita baba. Ati 'Baba, njoo ule. Baba, umenawa miguu?' Ungesikia ungecheka. Sasa mwambie wewe apige laini moja ya kalamu juu ya baba yake na mtoto wake wote wawili. Mimi nilijaribu nikashindwa. Nikasema mwaka uishe nalo."

Khavere akasimama pale, rejista kwapani.

"Basi ni nani huitika?" akauliza.

Bwana Mathenge, aliyekuwa ameanza kuinua tena kikombe, akakiacha hewani. "Huitika?"

Hakujua. Hilo ndilo lililomtia Khavere baridi kuliko yote. Alitoka ofisini, akatembea mpaka darasa la mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuinama mlangoni. Aligonga kichwa.

Kesho yake hakuita majina. Alifunga mlango, akaketi juu ya meza.

"Sitampiga mtu. Sitampeleka mtu ofisini. Nataka kujua tu. Nani huniitikia jina la Kihara?"

Tulikaa. Mwalimu aliyesema hatampiga mtu huwezi kumwamini mara moja. Mwishowe Njoki, kiranja wetu, akasimama, akivuta sweta yake chini.

"Ni sisi, mwalimu."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wote. Ni zamu." Akaiachia sweta. "Siku ya kufungua shule Madam aliita majina. Akafika hapo kwa Kihara akasimama. Akasimama tu, mwalimu, kalamu iko juu. Kengele ya somo ya pili ikalia bado amesimama. Sasa Muchiri akasema, Niko. Ndio akaendelea kuita."

"Nilikuwa naogopa ataanguka," Muchiri akasema, na hakukuwa na mzaha hata kidogo katika sauti yake.

"Tangu hiyo siku ni zamu. Leo dawati hii, kesho ile ingine."

"Na Madam anajua?"

"Anajua, mwalimu. Mtu hawezi kosa kujua sauti ya mtoto yake."

Khavere akajikuta anacheka kidogo, peke yake, jinsi mtu anavyocheka akigundua kwamba nyoka aliyemruka ni kamba. Wiki tano alikuwa akitembea na hofu ile kama mzigo wa kuni, na kumbe ni watoto. Akapangusa macho. Lakini Njoki hakuwa ameketi.

"Lakini mwalimu."

"Sema, Njoki."

"Kuna siku zamu huwa inachanganyika. Kila mtu anafikiri ni ya mwingine, hakuna mtu anafungua mdomo." Akatazama dirisha lisilo na kioo. "Na bado inaitikwa."

"Keti, Njoki," Khavere akasema.

Baadaye, wakati wa chai, alitukusanya tena akatueleza habari zake zote: Kutus, rekodi ya kazi, nabii, barua. Alitusomea ile barua. Hakuna mwalimu aliyewahi kutusomea barua yake ya kuanguka.

"Daktari atarudi. Nitaita majina yote, kwa sababu Madam alinikataza kuruka, na Daktari atakuwa na nakala ya orodha mbele yake. Nikifika kwa Kihara, nyamazeni. Nitaandika hayuko, kwa kalamu nyekundu, na itakuwa kweli. Mtu mmoja akiitika, ni mimi nimekwisha. Mnaelewa?"

"Na Madam?" Muchiri akauliza.

"Madam saa hiyo ana somo darasa la nane, wale wa mtaala wa zamani. Hatasikia."

Tuliahidi. Thelathini na saba, mmoja mmoja, kwa mdomo.

Daktari Gatimu alirudi Alhamisi moja ya Julai, asubuhi ambayo ulipotazama nje hukuona mti wa pili baada ya wa kwanza. Tulisikia buti zake kwenye ngazi, kisha tukasikia viatu vingine nyuma yake. Akaingia. Nyuma yake akaingia Madam Waithira na kitambaa chake cheusi. Fomu ya mwisho ya chuo ilitaka sahihi ya mwalimu wa darasa aliyehudhuria somo, na Bwana Mathenge alikuwa ametuma mtu akalishike darasa la nane. Wakaketi wawili wale kwenye benchi la nyuma, bega kwa bega.

Nilimwona Khavere akiwatazama. Nilimwona akitutazama sisi. Hakuwa na namna ya kusema kitu.

Kuanzia hapa sikusimuliwa. Ni nilivyoona mwenyewe, tena nusu, kwa maana kichwa changu kilikuwa chini kama cha kila mtu.

Akafungua rejista akaiinua mbele ya uso wake, akaanza kuita. Niko. Niko. Niko. Matone ya ukungu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati, na yalionekana kudondoka kwa zamu na majina. Alipofika la kumi na tatu alikohoa.

"Kihara Nderitu."

Kimya.

Benchi la nyuma likalia kidogo, kama mtu amesogea mbele ili asikie. Kando yangu Muchiri alikuwa ameuma mkono wa sweta yake. Nilijua Madam anangoja. Nilijua pia kwamba kalamu nyekundu ikigusa karatasi yeye ataisikia, hata akiwa nyuma kabisa. Nilihesabu matone. Saba. Nane. Mtu alianza kulia chini kwa chini upande wa dirisha, akajizuia.

"Niko, niko."

Hatukuinua vichwa. Haikuwa lazima. Nilikuwa nimeketi na Kihara dawati moja darasa la sita, na ninyi ambao hamkumjua hamwezi kujua jambo hili: sisi sote tulikuwa tunaitika mara moja, yeye pekee mara mbili, haraka haraka, kama anayebisha mlango huku tayari ameufungua. Katika zamu zetu zote hakuna aliyewahi kuitika hivyo. Ingekuwa kama kuvaa nguo zake. Na sauti ilikuwa ile ile yake, nyembamba, ya kijana ambaye koo bado halijapasuka. Muchiri mpaka leo anasema ilitoka dirishani. Njoki anasema ni juu, kwenye mabati. Mimi niliisikia kama imetoka mbele, ambako hakukuwa na dawati.

Kisha tukasikia kalamu ikikwaruza, mara moja, na mwalimu akaita jina la kumi na tano kwa sauti iliyokauka.

Alifundisha barua ya kirafiki. Usiniulize alisema nini.

Kengele ilipolia hatukutoka. Daktari Gatimu akaja mbele, akachukua rejista, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mkwaju mmoja.

"Umemwandika yuko."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwenye andalio umeandika wangapi?"

"Sijaandika bado."

"Basi fikiria kabla ya kuniambia. Darasa hili lina watoto wangapi leo?"

Khavere alikuwa na jibu rahisi. Angesema thelathini na saba, samahani, mkono umeteleza. Daktari mwenyewe alikuwa kama anamsogezea jibu hilo. Lakini barua ilikuwa pale, kwenye jalada la faili, imetazama juu.

"Walioketi ni thelathini na saba," akasema. "Walioitika ni thelathini na nane. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Daktari. Siwezi kuandika vingine."

Daktari alikuwa amegeuka kumtazama Madam Waithira, ambaye alikuwa anakuja mbele polepole, akishika kila dawati alilolipita.

"Nipatie kalamu, kijana wangu. Hiyo nyekundu."

Akampa. Madam akaweka rejista juu ya meza, akaomba rula, Njoki akampa rula. Akapiga laini juu ya jina la kumi na nne, kuanzia ukingo mpaka ukingo, imenyooka.

"Hawa watoto wameniitikia tangu Januari," akasema na sauti yake ile ya chini. "Mungu awabariki. Nilikuwa najua kila mmoja. Leo ameitika mwenyewe." Akafunika kalamu. "Sasa anaweza kwenda."

Akatia sahihi kwenye fomu, akatoka.

Nakala ya fomu ile Khavere aliipokea chuoni mwezi wa Septemba. Alama sitini na nane, amefaulu. Mahali pa idadi ya wanafunzi Daktari Gatimu aliacha wazi. Chini, kwenye maoni, aliandika mstari mmoja: Mwalimu huyu huandika kilichotokea.

Nilikutana naye tena likizo hii ya Aprili, mimi sasa niko darasa la kumi, katika soko la Karatina. Mama alikuwa akibishana na mtu wa viazi na mimi nashika gunia. Nikasikia, "Wendy wa kifutio!" Amenenepa kidogo. Anafundisha Kutus sasa, shule nyingine, sekondari ya chini. Alimsalimia mama kwa heshima zote, "Shikamoo mama, hujambo na nyumba," mama akacheka kwa sababu huku hatusemi shikamoo, akatuachia dakika za chai.

Tuliketi kwenye kibanda, chai na mandazi mawili mawili, na hapo ndipo aliponisimulia haya yote, kuanzia ndevu za chuoni mpaka fomu. Alisimulia vizuri, kama zamani, mpaka mwenye kibanda akaacha kuosha vikombe. Alipofika pale kwenye Alhamisi ile, jina la kumi na nne, aliinua kikombe akanywa chai.

"Siku hizi sipendi kuita majina mwenyewe," akasema. "Kiranja ndiye anaita. Mimi nasikiliza na kupiga mkwaju."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu ya lile swali lako. Unafikiri nimelisahau? Ulikuwa na haki ya kujibiwa, na mimi nilikuletea habari za mvua."

Aliweka kikombe chini, akakizungusha mara moja kwenye sahani yake.

"Nilikuwa nimeamua kuandika hayuko, Wendy. Kalamu nyekundu ilikuwa imeshagusa karatasi. Halafu nikahisi, nyuma ya rejista, mdomo wangu umefunguka. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini ile sauti sikuwa nayo mimi, na yale maneno, mara mbili hivyo, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia."